Mifumo kusomana: kwa nini huduma ziko mtandaoni na fotokopi bado tunabeba

Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha sita na anayetaka mkopo wa elimu ya juu huanzia kwenye mtandao wa Bodi ya Mikopo. Anaingiza namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, mfumo unamtambua papo hapo, analipia ada ya maombi kwa simu. Mpaka hapo mambo mepesi. Kisha anatakiwa athibitishe kuwa cheti chake cha kuzaliwa ni halali. Anahamia mtandao wa RITA, wakala wa Serikali wa kusajili vizazi na vifo, anafungua akaunti nyingine, anapakia picha ya cheti, analipia uhakiki, anasubiri jibu, halafu anarudi na jibu hilo Bodi ya Mikopo. Kwa miaka kadhaa hatua iliyofuata ilikuwa kuchapisha fomu, kuipeleka serikali ya mtaa igongwe muhuri, kuipeleka kwa kamishna wa viapo, kisha kuiskani na kuipakia tena kule kule ilikotoka.

Kila taasisi ya umma aliyopitia ina mfumo wa kompyuta, na mingine ni mizuri kweli. Shida ni kwamba anayehamisha taarifa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ni mwanafunzi mwenyewe, kwa miguu yake na kwa nauli ya mzazi. Serikalini wanasema mifumo haisomani. Rais Samia Suluhu Hassan ameagiza hadharani, na zaidi ya mara moja, kwamba isomane, na agizo hilo hurudiwa karibu kila mkutano wa Serikali Mtandao.

Nadhani hili ndilo jambo la kulielewa kuliko mengine yote yanayosemwa kuhusu Tanzania ya kidijitali. Tumezoea kuhesabu huduma ngapi zimeingia mtandaoni. Kipimo kinachomgusa mwananchi ni kingine: ni mara ngapi anaulizwa kitu ambacho Serikali tayari inakijua?

Tuanze na kilicho ardhini, maana bila hicho hakuna la kuzungumza. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa 2009, na awamu zake za mwanzo zilikuwa na urefu wa kilomita 7,560 hivi, chini ya usimamizi wa TTCL, shirika la simu la umma. Umeunganishwa na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi, na Dar es Salaam unakutana na nyaya za baharini: SEACOM iliyofika 2009 na EASSy iliyoanza kazi 2010. Mei 12, 2024, nyaya hizo mbili zilikatika baharini kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchi nzima kwa siku kadhaa. Wengi siku ile ndipo walipojua kwamba nchi ilikuwa imeegemea nyaya mbili. Upande wa minara, Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713, sehemu ambazo mfanyabiashara peke yake asingeenda kwa sababu wateja ni wachache. Fedha za umma zimefanya hapo kazi ambayo ni fedha za umma tu zinaweza kuifanya.

Ngazi inayofuata ni malipo, na hapa Tanzania imefanya jambo la kujivunia.

Kabla ya 2017, kila taasisi ilikuwa na akaunti zake benki na utaratibu wake wa kukusanya fedha. Ulikwenda ofisini kuulizia kiasi, ukaenda benki kulipa, ukarudi ofisini na karatasi ya benki ili upewe stakabadhi. Karatasi ya benki ilighushika, stakabadhi ilighushika, na Hazina ilichelewa kujua nani amekusanya nini. Mfumo wa GePG, lango moja la malipo ya Serikali, uliojengwa na wataalamu wa hapa hapa nchini, ulianza mwaka huo, na Sheria ya Fedha ya 2017 ikazitaka taasisi za umma zikusanye mapato kupitia humo.

Unavyofanya kazi ni rahisi kuuelewa. Tuseme unalipia leseni ya biashara. Mfumo wa halmashauri unatengeneza ankara na kuipeleka GePG. GePG inarudisha namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo mtaani tunaiita kontroo namba: tarakimu 12, mwanzo wake 99. Unaiingiza kwenye simu sehemu ya Malipo ya Serikali. Kabla fedha haijatoka, kampuni ya simu inaiuliza GePG namba hii ni ya nani na deni ni kiasi gani, ndiyo maana maelezo ya ankara hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Ukishalipa, GePG inauarifu mfumo wa halmashauri kwamba ankara imelipwa, na hesabu za benki, simu na taasisi zinalinganishwa. Hakuna karatasi uliyobeba. Mifumo minne, ya halmashauri, GePG, simu na benki, imesomana ndani ya dakika moja, na wewe umesimama kibarazani kwako.

Kwa hiyo anayesema kusomana ni jambo gumu kwa nchi kama yetu, jibu liko kwenye simu yake. Liliwezekana kwa sababu sheria iliweka njia moja na kufunga nyingine. Pia kila taasisi iliruhusiwa kubaki na mfumo wake, sharti likiwa kuzungumza na GePG kwa lugha moja iliyokubaliwa. Na Hazina ilikuwa na haja nalo usiku na mchana, kwa kuwa lilihusu mapato. Sababu hii ya mwisho naona ndiyo iliyobeba nyingine. Kazi ya kusomana ilikamilika haraka pale Serikali ilipokuwa inadai. Pale ambapo mwananchi ndiye anadai huduma, haraka hiyo haijaonekana.

Sasa tuje kwenye utambulisho, ambako mambo ni mazito zaidi.

NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ilianzishwa 2008, lakini kwa Watanzania wengi namba ya NIDA ilianza kuwa na maana 2019, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza. Mwisho wa usajili uliwekwa Desemba 31 mwaka huo. Siku chache kabla, Rais John Magufuli akisajili laini yake Chato aliongeza siku 20, hadi Januari 20, 2020. Foleni za ofisi za NIDA wilayani zilianza alfajiri. Wapo waliopanga mstari kwa ajili ya namba tu, kadi yenyewe ikaja baadaye sana. Na wapo waliofika mbele ya mashine ikawakataa: mpasua kokoto, mama aliyeshika jembe maisha yake yote, mzee ambaye mistari ya vidole imefutika. Mashine iliyotengenezwa kwa kidole laini haikumtambua mtu aliyejenga nchi kwa mikono. Utaratibu wa nchi unapoegemea kidole, lazima njia ya pili iwepo tangu siku ya kwanza, tena iandikwe kwenye kanuni, isiwe hisani ya ofisa wa zamu.

Mikoa ya mpakani ina uzito wake. Kigoma au Kagera, kuomba namba ya NIDA ni pia kuulizwa uraia wako, na maofisa wa uhamiaji wanakuwa sehemu ya utaratibu. Nchi ina haki ya kujua raia wake ni nani. Lakini namba hiyo ikishakuwa ndiyo ufunguo wa laini ya simu, akaunti ya benki, TIN (namba ya mlipakodi) na usajili wa kampuni, kucheleweshwa kwake kwa mwaka ni kumweka mtu nje ya uchumi kwa mwaka.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, tano zinazofuata zinahusu eneo, nyingine tano ni za mpangilio, na mbili zinafunga namba. Ukiiingiza unapoomba TIN mtandaoni au unaposajili kampuni BRELA, taarifa zako zinajitokeza zenyewe. Huko mifumo inasomana, na ukilinganisha na zamani ni afueni kubwa.

Hapo hapo ndipo inapochomoza tabu ambayo haitajwi kwenye hotuba: majina.

Mtoto anazaliwa, bibi anampa jina. Shuleni mwalimu wa darasa la kwanza analiandika alivyolisikia. Cheti cha kuzaliwa kinaombwa miaka 15 baadaye kwa sababu shule imekitaka. NIDA inakuja naye ana miaka 25, ofisa anaandika Mohamed, wakati cheti cha kidato cha nne kinasema Mohammed. Kwa jirani na kwa sheha ni mtu yule yule. Kwa kompyuta ni watu wawili. Zikitofautiana na tarehe, au jina la babu likiwepo huku na kukosekana kule, ndiyo kabisa. Miaka yote taarifa hizi zilipokaa kwenye majalada tofauti, hakuna aliyejua kwamba zinapingana. Siku mifumo inapounganishwa, mgongano unajitokeza, na gharama ya kuumaliza inamwangukia mwenye jina: kiapo kwa wakili, hati ya kubadili jina, ada ya marekebisho, safari ya wilayani mara mbili tatu.

Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa kwa Tanzania Bara ni takriban asilimia 13 ya watu ndio waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Taifa likajenga utambulisho wa kidijitali juu ya kizazi ambacho hakikuwa na hati ya msingi. Ndiyo maana kazi ninayoiheshimu kuliko tovuti yoyote ni ule mpango wa RITA wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5, ulioanzia Mbeya 2013. Cheti kinatolewa bure, papo hapo, kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, na taarifa inatumwa makao makuu kwa simu ya mkononi. Mama anayempeleka mtoto chanjo anatoka na cheti siku ile ile. Mtoto huyo akifika miaka 18, jina lake litakuwa limeandikwa mara moja, na mengine yote yatanakili pale.

Kwa nini basi mifumo mingi bado haisomani? Kitaalamu njia ipo. Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, iliyoanza kama wakala 2012 na kupewa meno na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, imejenga mfumo wa kubadilishana taarifa uitwao GovESB. Ni kama stendi kuu: badala ya kila taasisi kufungua barabara yake kwenda kwa kila mwenzake, zote zinakutana sehemu moja. Taasisi kumi zikiunganishwa moja kwa moja zinahitaji viunganishi 45. Zikipitia stendi, kumi vinatosha.

Kizuizi kiko kwenye tabia za taasisi. Mifumo mingi ilizaliwa ndani ya miradi, kila mradi na mfadhili wake, mkandarasi wake, na tarehe yake ya kukabidhiwa. Mkandarasi aliulizwa kama mfumo unafanya kazi, hakuulizwa kama unazungumza na jirani. Tena taarifa ni nguvu; mkuu wa taasisi anayemiliki daftari ana sauti kwenye kikao, na akilifungua kwa wengine anahisi amepungukiwa. Kuna na fedha. Ada ya uhakiki ni ndogo kwa mtu mmoja, lakini kwa maelfu ya waombaji ni mapato yanayoingia kwenye bajeti ya taasisi. Mifumo miwili ya Serikali ikithibitishana bure, mapato hayo yanakufa. Hakuna mtaalamu wa kompyuta atakayeitatua hiyo. Itatatuliwa Hazina, siku watakaposema uhakiki kati ya taasisi za umma si chanzo cha mapato.

Estonia ilianza mapema, 2001, ikajenga mfumo wa kubadilishana taarifa uitwao X-Road. Kinachosimuliwa mara nyingi ni teknolojia. Kilichokuwa kigumu zaidi ni sheria yao inayokataza taasisi kuanzisha daftari jingine la kukusanya taarifa ambazo daftari la mwenzake tayari linazo. Sisi sheria ya kujenga mifumo kwa viwango tunayo. Ya kukataza kumuuliza mwananchi mara mbili, hilo bado ni agizo la majukwaani.

Kuunganisha nako kuna hatari yake kama taarifa zilizounganishwa hazisemi ukweli wa maisha. Agosti 2021 Serikali ilianza kukusanya kodi ya majengo kupitia LUKU, umeme unaolipiwa kabla ya kutumika: nyumba ya kawaida sh. 1,000 kwa mwezi, ghorofa sh. 5,000 kwa kila sakafu, na viwango vikapanda baadaye. Kwa ukusanyaji lilikuwa wazo la akili sana. Mita ipo, namba yake inajulikana, mwenye nyumba hahitaji kutafutwa. Lakini mita haijui nani mwenye nyumba. Inamjua anayenunua umeme, na mijini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Kodi ya mali ya mwenye nyumba ikakatwa kwa mwanamke anayekaanga chapati kwenye chumba cha kupanga. Wakaambiwa wamalizane na wenye nyumba, na kila aliyewahi kupanga Dar es Salaam anajua mazungumzo hayo huishaje. Nyumba zenye mita mbili zilikatwa mara mbili mpaka mtu aende kulalamika. Mifumo ilisomana vizuri kabisa. Ilichosoma ndicho kilikuwa na kasoro, kwa kuwa daftari la nani anamiliki nini lilikuwa bado halijakamilika. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022, ile iliyotuletea namba za milango na majina ya mitaa kabla ya Sensa ya Agosti, ilikuwa hatua ambayo kwa mpangilio wa kazi ilipaswa kutangulia.

Majirani zetu Kenya walichagua mlango mmoja. eCitizen ilianza 2014, na Juni 30, 2023 Rais William Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 chini yake, malipo yote yakielekezwa kwenye namba moja ya malipo, 222222. Mkenya ana akaunti moja ya pasipoti, leseni ya udereva na cheti cha tabia njema. Mtanzania ana akaunti RITA, nyingine BRELA, nyingine TRA, nyingine Ajira, nyingine TAUSI ya halmashauri, kila moja na nywila yake. Mlango mmoja unavutia, nami nautamani. Lakini wiki nne tu baada ya uzinduzi ule, mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen ilishambuliwa mtandaoni ikayumba kwa siku kadhaa, na Kenya ikalazimika kuwapa viza wageni walipofika uwanja wa ndege. Penye mlango mmoja, komeo likikwama nyumba nzima imefungwa. Tumeonja kidogo hapa pia: Mei 2021 mfumo wa LUKU ulipopata hitilafu, watu walikaa gizani na kupanga foleni kwenye ofisi za TANESCO kununua umeme kama zamani.

Mahakama ya Kenya nayo ilitoa somo jingine. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilitamka kuwa usambazaji wa kadi za Huduma Namba, utambulisho wa kidijitali wa nchi hiyo, ulikuwa batili kwa sababu Serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa taarifa binafsi za watu. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Itahitajika kuliko wengi wanavyodhani. Mifumo inapotengana, mtumishi mwenye nia mbaya anaona kipande kimoja cha maisha yako. Inaposomana, anaweza kuona vyote kwa mara moja. Kwa hiyo kila muunganisho unatakiwa ubaki na kumbukumbu ya nani amefungua taarifa za nani, saa ngapi, kwa kazi gani, na mwenye taarifa awe na haki ya kuiona kumbukumbu hiyo. Bila hivyo watu watakuwa na sababu ya kuogopa, na watakuwa sahihi.

Hata mifumo yote ikisomana kesho, bado kuna steshenari. Nenda mji wowote wa wilaya msimu wa ajira au wa mikopo ya wanafunzi. Ofisi halisi ya Serikali Mtandao utaikuta hapo: chumba chenye kompyuta mbili, printa, na kijana anayejua fomu zote kwa moyo. Anamfungulia mteja barua pepe, anabuni nywila, anaiandika nyuma ya karatasi, anajaza, anachapisha. Anatoza elfu mbili tatu, na mimi naona anastahili kila senti. Ila nywila inabaki kwake. Karatasi ikipotea, mteja hawezi tena kuingia kwenye maombi yake mwenyewe, na ujumbe wa kuitwa usaili unaingia kwenye barua pepe asiyoijua. Vijana hawa wangepewa mafunzo na kusajiliwa rasmi kama mawakala wa huduma za Serikali, kama wa fedha za simu walivyosajiliwa, sehemu kubwa ya matatizo ya vijijini ingepungua bila kujenga mfumo mpya. Na huduma ziendelee kupatikana kwa menyu ya *152*00#, ambayo kiswaswadu kinaifungua bila bando. Huduma inayotaka simu janja imeshachagua nani wa kumhudumia.

Kwa sasa, mzazi mwenye mtoto shuleni ana jambo moja lililo ndani ya uwezo wake. Kabla jina halijapelekwa Baraza la Mitihani, chukua cheti cha kuzaliwa, nenda nacho kwa mwalimu wa taaluma, na mlinganishe herufi kwa herufi na jina lililo kwenye daftari la shule, majina yote matatu, pamoja na tarehe. Kama cheti hakipo, kiombe sasa. Rekebisho linalofanyika shuleni kabla ya usajili wa mtihani humalizwa na mwalimu kwa kalamu. Likisubiri hadi namba ya NIDA itoke, litapita kwa wakili, RITA na NIDA yenyewe, na kila dirisha lina kontroo namba yake.